Bingwa wa Kuteleza

Alishuka kwenye basi la kwanza kutoka Malindi, pale stendi ya Garsen, amebeba mfuko mwembamba mrefu kuliko yeye mwenyewe. Kabla hajatia mguu wa pili chini, vijana wa bodaboda walikuwa wameshamkalia kikao. Sadik, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alipaza sauti: "Wee sista, hizo ni bunduki ama ni mabomba ya maji?"

Mimi nilimjua kabla hajageuza uso. Mtu humjua ndugu yake wa tumbo moja hata kwa kisogo. Nikainamia mitungi yangu ya maziwa nikajifanya nasuza kikombe.

Sikufurahi. Nalisema mapema ili asiwepo wa kunisingizia wema.

Mbele yangu alikuwa amesimama Halima, mwenye hoteli ya chai, na sufuria yake kiunoni. Halima huuliza swali lilelile kila asubuhi, tangu siku aliyouziwa maziwa yaliyotiwa maji na wateja wakamrudishia chai vikombe vimejaa: "Maziwa ya nani leo?" Sisi wauza maziwa wa Garsen hukusanya ya boma hili na lile, na muuzaji sharti ataje mwenye ng'ombe, ili yakiwa na maji ajulikane wa kuaibishwa. Kwa miaka minane jibu langu lilikuwa moja.

"Ya Qabale," nikasema. "Ng'ombe wangu mwenyewe."

Nilipoinua kichwa Nasteha alikuwa amesimama nyuma ya Halima, ananitazama.

"Salaam aleikum, dada."

"Waleikum salaam. Umekuja."

"Nimekuja. Simu zangu hushiki."

"Mtandao mbaya."

"Miaka minane mtandao mbaya?"

Nikampimia Halima maziwa yake. Nasteha akaweka mfuko chini, akajifuta jasho. Juu ya suruali ya michezo alikuwa amevaa sketi nyeusi ndefu, imefika kwenye vifundo, na nilipoiona nikarudi kusuza kikombe kilekile.

"Ng'ombe wangu yuko hai?" akauliza. "Yule mwekundu?"

"Ng'ombe wanakufa," nikasema. "Kulikuwa na kiangazi."

Mniache nieleze jambo hili mwenyewe, maana Garsen kila mtu ana lake.

Shangazi Bishara, dada yake baba, aliolewa na Adow, Msomali mfanyabiashara wa Madogo, na baadaye wakapata karatasi za kwenda Norway. Hawakujaliwa mtoto. Shangazi akaja kwa baba kuomba msichana wa kulea na kusomesha. Tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na mahari yangu ilikuwa imeshafika bomani. Nasteha alikuwa na saba. Shangazi alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Huyu keshakuwa mke wa mtu," akamchukua mdogo. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kuwa mke wa mtu.

Huko walikompeleka theluji hulala nusu mwaka, na watoto hufundishwa kwenda juu yake kwa mbao mbili miguuni na fimbo mbili mikononi, kama huku mtoto anavyofundishwa kuchunga ndama. Si ule mchezo wa kuporomoka mlimani. Ni mbio za masafa, kilomita kumi, kilomita thelathini, kupanda na kushuka, mpaka mate yanaganda kidevuni. Na Nasteha ana mapafu ya kwetu, ya watu waliofuata ng'ombe kutoka kisima hadi kisima. Akiwa na miaka kumi na nne aliwashinda wasichana wote wa shule yake. Kumi na saba, wa mkoa mzima. Ishirini na mmoja, akawa bingwa wa nchi.

Mwaka huohuo mimi nilikuwa nimerudi kwa baba. Nuh, mume wangu, alikuwa ameniacha na watoto wawili, na ng'ombe wangu wa kitovu alikuwa amekufa. Kwetu, siku kitovu cha mtoto kinapoanguka baba humtengea mtamba mmoja, na huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto maisha yake yote. Wangu alikufa kiangazi hajaacha hata ndama. Wa Nasteha, mwekundu mwenye baka jeupe pajani, alizaa, na watoto wake wakazaa. Mimi niliyebaki nikawa nawakama kwa niaba ya mtu anayekula samaki Ulaya.

Siku ya ushindi wake shangazi alipiga simu mchana, analia kwa furaha. "Qabale! Mtoto ameshinda! Bingwa wa Norway! Mwambie kaka yangu Godana kabla hajasikia kwa watu."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nilitaka siku moja tu ambayo jina la Nasteha halitatajwa penye moto wetu.

Jioni baba akawasha redio. Kiswahili cha baba ni cha mnada wa mifugo: anajua bei, rangi za ng'ombe, na matusi. Mtangazaji alisoma mengi kwa kasi, mchezo huu na nchi ile, kisha akamaliza kwa mbwembwe: "Naam, Nasteha Godana, mzaliwa wa Garsen, ameteleza kuliko wanawake wote wa Norway!"

Baba akakaza shingo. Neno kuteleza alilijua barabara. Chifu wetu hana baraza asilolitumia: wasichana wanateleza, wazazi chungeni wasichana wenu. Na kila aliyeteleza katika mabaraza yale alikuwa na tumbo mbele.

"Qabale," akaniita kwa Kiorma, lugha ya kwetu. "Wewe umesoma hadi darasa la nane. Huyo amesema nini?"

Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikatazama kando, nikawaona ng'ombe wekundu wamelala wanacheua.

"Amesema Nasteha ameteleza, Baba."

"Kuliko wanawake wote wa huko?"

"Ndivyo alivyosema."

Sikusema uongo. Kila neno nililompa lilikuwa limetoka redioni. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo, na niwaambie, faraja ya namna hiyo haishibishi.

Baba hakulala. Alfajiri alimwangusha yule mwekundu, akaongeza mkato wa pili kwenye sikio lake, kisha kwa watoto wake mmojammoja. "Hawa na uzao wao ni wa Qabale," akasema mbele ya majirani. "Na nisisikie mtu akinitajia yule mwingine." Shangazi alipompigia, baba aliitupa simu mtoni. Shangazi alifariki miaka mitatu baadaye, bila kujua amemkosea nini.

Mtauliza, Garsen nzima mbona haikumwambia? Garsen nzima ilijua Nasteha ni bingwa wa mbio za theluji. Lakini ukimtajia Godana jina hilo anaondoka, na watu wakadhani hapendi michezo. Kila mtu alifikiri anajua sababu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nasteha ndiye aliyeuliza. Alinipigia mimi wiki ileile: "Baba ana nini na mimi?"

Nikamwambia jambo la kwanza lililonijia. "Ni nguo. Ameona picha yako, umevaa ile nguo ya kubana. Ameona haya."

Nilidhani atagomba, au ataacha mbio. Hakufanya hata moja. Alishona sketi. Akashindana akiivaa, mwaka baada ya mwaka, magazeti ya huko yakamcheka na kumpa jina la Mwenye Sketi, na bado akachukua ubingwa wa nchi mara tatu zaidi. Nilikuwa nikiona picha zake kwenye simu ya Sadik, sketi imevimba upepo nyuma yake, wenzake wamebanwa na nguo zao, wembamba, wepesi. Nilikuwa namrudishia Sadik simu yake na kwenda kukama.

Sadik alitupeleka bomani siku ile kwa pikipiki, mimi na mitungi nyuma, Nasteha katikati na mfuko wake umechomoza pande zote mbili. Baba alikuwa ameketi anasuka kamba. Nasteha alipiga magoti mbele yake.

Aliondoka akiwa na miaka saba, na Kiorma chake kilibaki na miaka saba. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mabega mapana kuliko ya wanaume wengi wa Garsen, akafungua mdomo ikatoka sauti ya kitoto: "Baba, mimi nimekuja. Mimi Nasteha."

Baba aliinuka taratibu. Akachukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa akitazama upande wa pili.

"Qabale," akasema. "Mgeni apewe maziwa. Kisha apewe njia."

Maziwa aliyoyanywa Nasteha jioni ile yalitoka kwa ng'ombe wake mwenyewe. Alikunywa nyumbani kwangu, juu ya kitanda cha watoto wangu, mgongo umenyooka.

"Nimebakiza msimu mmoja," akaniambia. "Februari kuna mbio za dunia, kilomita thelathini, halafu basi, magoti yamechoka. Sikuja kutafuta kitu ila radhi yake. Nimekimbia miaka minane na mgongo wa baba uko mbele yangu. Bila radhi yake siendi tena. Ijumaa narudi, na akikataa naandika barua ya kuacha."

"Mzee ni mgumu," nikasema.

"Miaka miwili iliyopita nilikuwa wa pili duniani. Unajua nilikosa dhahabu kwa kiasi gani? Hata sekunde moja haikufika. Kope hii, ifumbe, ifumbue, ndiyo hiyo." Akashika pindo la sketi. "Kocha alinipeleka kwenye chumba cha upepo wakaipima hii. Katika kilomita thelathini inaniibia sekunde kumi na moja. Akaniambia ivue. Nikamwambia siwezi, baba yangu anaona haya. Na baba yangu mpaka leo hajanitazama. Sasa niongeze nini, Qabale? Nivae ya pili juu ya hii?"

"Mimi si baba. Usinigombeze."

"Wewe ndiye uliyeniambia ni nguo."

"Basi ni nguo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Huko walikomlea wamemfundisha kumtazama mtu usoni bila haya, na mimi sipendi. Niliona aibu, nakiri. Lakini aibu na hofu zililala chumba kimoja usiku huo, na hofu ndiyo iliyokuwa na ng'ombe tisa. Nikiwarudisha, nitawalisha nini wanangu? Nitasimama stendi ya Garsen nikiuza nini?

Siku ya pili baba alimpita kama nguzo ya ua. Siku ya tatu, Alhamisi, Nasteha alitoka alfajiri na mfuko wake.

Bingwa hapumziki, kumbe. Palipokosa theluji ana vyuma vifupi vyenye magurudumu mbele na nyuma, anavifunga miguuni, anashika fimbo zake mbili na kwenda juu ya lami kwa mwendo uleule wa kwenye theluji. Boma letu liko kando ya barabara ya lami iendayo Lamu. Nilipofika pale na mitungi yangu kusubiri gari, watu walikuwa wameshajaa pande zote mbili kama siku ya mnada.

Nasteha alitokea kwa mbali, ameinama, mikono inachota mbele na kusukuma nyuma, mguu mmoja unafuata mwingine. Lami ilikuwa imeanza kupata moto na sketi ilikuwa imelowa jasho imemganda miguuni.

"Amerukwa na akili huyo!"

"Ulaya imemharibu kabisa!"

"Fimbo mbili," akasema mchungaji mmoja, "na hana hata mbuzi!"

Watu walicheka hadi wakashika magoti. Alipita katikati yao mara ya kwanza, akageuka, akapita mara ya pili, na wakamrushia makopo matupu. Hakumtazama mtu. Sadik alikuwa anamfuata kwa pikipiki, simu mkononi, anamrekodi, naye ndiye pekee aliyekuwa anashangilia.

Hapo ng'ombe wetu wakafika barabarani, wanavuka kwenda mtoni, na baba nyuma yao.

Baba alisimama. Alimwona mwanamke anakuja kwa mbio za pikipiki lakini hana pikipiki, na akamtambua. Nilidhani atageuka. Lakini mtu aliyechunga ng'ombe miaka sitini anajua mwendo mzuri akiuona. Alisimama na fimbo yake begani, anatazama yale mabega yanavyofanya kazi.

Sadik alipofunga breki karibu naye, baba alimwuliza kwa Kiswahili chake: "Wewe. Hiyo nafanya nini?"

"Anateleza, mzee!"

"Nasema?"

"A-na-te-le-za! Si ndiyo game yake? Manze, huyu ni bingwa wa kuteleza, Norway nzima hakuna wa kumshika. Hata redio si ilisema kitambo?"

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nililiona neno likimwingia baba. Halikumwingia mara moja. Liliingia kidogo kidogo, na shingo yake ikakaza kama ile jioni ya redio.

Wakati huohuo ndama mmoja mwekundu alishtuka akarukia lami. Nasteha akapinda ili asimgonge, pindo la sketi likaingia kwenye gurudumu la nyuma, likajisokota. Alianguka vibaya, goti kwanza, kisha kiwiko, na fimbo moja ikaruka hadi kwenye miiba. Watu walicheka tena. Baba hakucheka.

Nilimkimbilia. Sijui kwa nini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Goti lilikuwa wazi, damu imechanganyika na kokoto, na lile gurudumu lilikuwa limeimeza sketi likaikaza kiasi kwamba hakuweza kunyoosha mguu. Nikaanza kuichomoa kwa vidole. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono, mshono mdogomdogo wa msichana anayetaka asionekane kosa.

Kivuli cha baba kikatufunika.

"Qabale," akasema kwa Kiorma, taratibu. "Hii ndiyo kuteleza?"

Nikaendelea kuvuta uzi.

"Neno la Kiswahili lina pembe mbili, sikulijua. Mimi ni mtu wa ng'ombe." Akaligusa gurudumu kwa ncha ya fimbo. "Labda na wewe ulishika pembe niliyoshika mimi. Labda hukujua."

Alikuwa ananifungulia mlango. Nataka mlijue hilo. Baba yangu, mbele ya Garsen yote, aliniachia mlango wazi, na nilichohitaji ni kusema, sikujua, Baba. Ng'ombe wangebaki wangu nusu, au angalau jina langu lingebaki langu.

"Kuteleza nini?" Nasteha akauliza kwa Kiorma chake cha kitoto. "Anasema nini, dada?"

Mkononi mwangu nilikuwa na kipande cha ile sketi kimejaa grisi.

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaiwasha redio. Shangazi alikuwa amenipigia mchana." Nikamgeukia Nasteha, maana nikinyamaza hapo nisingeanza tena. "Na nguo ni mimi. Baba hajawahi kuona picha yako yoyote. Alisikia redioni kwamba umeteleza, akadhani umeharibika, na mimi nikamwacha adhani. Nilitaka ng'ombe."

Sadik alizima simu yake, na hilo peke yake linaweza kuwaambia palivyokuwa.

Baba aliinua fimbo. Niliifuata kwa macho ikipanda, sikukwepa. Ikakaa juu, kisha ikashuka ikagusa lami.

"Miaka minane," akasema, "nimemlilia binti aliye hai."

Akapiga magoti, mzee yule, juu ya lami ya moto. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa kibuyu cha maziwa kilichokuwa begani kwangu. Akapiga funda moja la maziwa, akampulizia Nasteha kichwani kama tunavyombariki mtu anayekwenda safari ya mbali, akampulizia kwenye goti lenye damu, na mwisho, baada ya kufikiri kidogo, akayapulizia yale magurudumu. Maneno aliyomwambia yalikuwa mengi na si yangu kuyasimulia. Nasteha alilia kwa sauti ya miaka saba. Waliokuwa wakicheka walianza kutafuta ng'ombe wao.

Mimi nilibaki na gurudumu mikononi. Niliendelea kuchomoa nyuzi mpaka zikaisha.

Jioni ile baba alisimamisha wale tisa mbele ya ua, wenye mikato miwili masikioni. "Hawa ni wako," akamwambia Nasteha. "Sikio lililokatwa sina dawa yake. Lakini ni wako."

Nasteha alikuwa amefungwa goti kwa kitambaa. Aliwapitia mmojammoja, akawashika pajani palipo na lile baka jeupe. Yule mama yao alikufa kweli kiangazi, hilo sikudanganya.

"Sina pa kuwaweka, Baba. Wabaki. Qabale awakame, watoto wake wanywe, na yanayobaki auze."

Nikataka kusema kitu. Alinizuia kwa kiganja.

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitakupigia simu, na utashika." Akaja karibu, akanitazama kwa yale macho yake yasiyo na haya. "Ila siku niliyoshuka pale stendi nilikusikia unamjibu yule mama wa chai. Ng'ombe wangu mwenyewe, ulisema. Kuanzia sasa akikuuliza, mwambie ni ya nani."

Ijumaa aliondoka na basi la asubuhi. Sketi aliitundika kwenye miiba ya ua wetu, na baba amekataza isiondolewe.

Februari tulitazama mbio zile hotelini kwa Halima, watu thelathini juu ya simu moja ya Sadik iliyoegemezwa kwenye birika. Nilisimama mlangoni, kwani baba alikuwa ndani, na baba tangu siku ile haniiti kwa jina. Akihitaji chai humwambia Halima, Halima huniambia mimi nilete maziwa. Nasteha alitokea bila sketi, mwembamba, mwepesi, na kilomita ishirini alikuwa pamoja na wale wa mbele kabisa. Kisha lile goti likamsaliti. Niliona mguu ukianza kuburuta. Akamaliza wa tano.

Wa tano duniani ni jambo kubwa, Sadik aliwaeleza, wakashangilia. Mimi nilikuwa na hesabu nyingine: sekunde kumi na moja za mwaka ule na goti la mwaka huu.

Baba alisimama juu ya benchi. Kwa Kiswahili chake cha mnada, kwa sauti iliyofika stendi, akatangaza: "Binti yangu ameteleza!"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, naye akacheka nao. Halima alinipita mlangoni na masinia yake. "Heri kujikwaa kidole," akasema, kama anayejisemea, "kuliko kujikwaa ulimi."

Simu yangu naiweka mfuko wa mbele, imejaa chaji, hata nikiwa nakama. Nasteha hajapiga.

Na Halima bado anakuja kila asubuhi na sufuria yake kiunoni. Jibu analijua. Stendi yote inalijua. Lakini siku hizi huuliza kwa sauti kubwa kuliko zamani, na vijana wa bodaboda hunyamaza kusikiliza.

"Qabale, maziwa ya nani leo?"

"Ya Nasteha," nasema, na kumpimia.